Folda Iliyohama Bila Kuniaga

"Karibu! Tuanze kwa kuongeza akaunti yako ya kwanza."

Hayo ndiyo maneno niliyoyakuta kwenye kioo cha simu saa tano usiku, Februari 2022, siku tisa kabla ya kikao cha familia. Programu ya hesabu niliyokuwa nayo tangu 2016 ilikuwa inanikaribisha kama mgeni. Chini ya maneno yale palikuwa na salio: 0.00. Nikaifunga, nikaifungua tena. Karibu. Nikazima simu, nikaiwasha. Karibu.

Nieleze kwanza kwa nini hesabu zenyewe zilikuwa na uzito kiasi hicho.

Mama yangu aliendesha genge kwa zaidi ya miaka ishirini, hapa hapa Morogoro. Nyanya, vitunguu, dagaa, mafuta ya kupima. Chini ya meza palikuwa na kaunta buku, na kila kilichotoka na kilichoingia kiliandikwa humo, mpaka kitunguu alichotupikia sisi wanawe. Akinikuta narudisha chenji bila kuandika, alisema kitu kimoja tu: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nilipopata kazi na simu ya maana, daftari langu likawa programu ya simu. Lakini mkono wa kuandika ni ule ule aliounyoosha yeye.

Mwishoni mwa 2020 Mama akaanza kuugua. Tuko wanne. Kaka yetu mkubwa yuko Mwanza, mdogo wangu wa kike yuko Dar es Salaam, kitindamimba alikuwa bado chuoni. Tukakubaliana kila mmoja atume anachoweza, na mimi niliyekuwa nakaa na Mama niwe mtunza hela. Sikutaka siku moja ndugu yangu aniulize swali nikose jibu, kwa hiyo nikaandika kila kitu, na kwenye kila kiasi nikaweka maelezo. Siyo "chakula 1,500". Niliandika: "Mtindi, 1,500. Kasema leo ana hamu nao, kamaliza wote." Niliandika: "Bodaboda ya nesi, 3,000, mvua ilinyesha." Niliandika dawa za presha, pampasi, uji wa lishe, taksi ya kliniki, kitenge alichoniomba nimnunulie mgonjwa mwenzake wa kitanda cha pili.

Mama alitutoka Agosti 2021. Kikao cha familia kikapangwa Februari, kugawana alichoacha na kufunga hesabu za ugonjwa wake. Wiki moja na ushee kabla ya kikao, programu ikaanza kukwama. Nikifungua orodha ya miezi, inaganda. Nikawaandikia waliotengeneza. Jibu likaja siku hiyo hiyo, la upole kabisa: pole kwa usumbufu, tafadhali ifute programu kisha uiweke upya, tatizo litakwisha. Nikaangalia kwanza ukurasa wa mipangilio, kwa sababu mimi ni mwangalifu. Kwenye mstari wa bakapu, yaani nakala ya akiba, pameandikwa: "Bakapu ya mwisho: leo, saa 8:00 usiku." Alama ya tiki ya kijani pembeni yake. Nikaifuta programu.

Yaliyotokea niliyaelewa wiki kadhaa baadaye, nami nataka kuyaeleza taratibu, kwa sababu nina hakika kuna mtu anasoma hapa ambaye simu yake iko katika hali hiyo hiyo leo na hajui.

Zamani programu za Android, mfumo wa Google unaoendesha simu kama yangu, zilikuwa na ruhusa ya kuandika karibu popote kwenye hifadhi ya simu. Programu yangu ilijitengenezea folda mbele kabisa, pale zinapokaa folda za picha na muziki, na kila usiku ikaweka humo faili moja la bakapu. Nilikuwa naliona kwa macho. Kila mwisho wa mwezi nilichukua waya, nikalinakili faili lile kwenye kompyuta, kwenye memori kadi na kwenye flashi niliyokuwa nampelekea mdogo wangu Dar. Kisha Google wakabadilisha utaratibu. Android 11 ilitoka Septemba 2020, na kwa utaratibu mpya kila programu inakaa chumbani kwake na haigusi vya wenzake. Watengenezaji walipewa mpaka Novemba 2021 kuwa wamehamia kwenye utaratibu huo, la sivyo wasingeweza tena kupeleka apdeti kwenye duka la Google. Jambo lenyewe lina nia njema: linazuia programu ya tochi isipekue nyaraka zako. Sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni kwa waliotengeneza ile programu, ambao sitawataja. Walihama mapema, Novemba 2020, na bakapu wakaihamishia kwenye chumba kipya cha programu yenyewe. Chumba hicho kina tabia moja: programu ikifutwa, chumba kinafutwa pamoja na vyote vilivyomo. Ndivyo Android ilivyo. Yaani kuanzia siku ile, bakapu yangu ilikuwa imefungwa mwili mmoja na kitu ilichotakiwa kukinusuru. Na mtu wa kwanza kuniambia niifute programu alikuwa ni mtu wa kwao.

Maelezo ya apdeti ile yalikuwa mstari mmoja. Niliyatafuta baadaye nikayasoma: "Mwonekano mpya na marekebisho madogo." Marekebisho madogo! Kuhamisha sehemu zinakokaa kumbukumbu za watu ni sawa na kuhamisha kaburi usiku. Hata kama sababu ni barabara inayopita, wenye kaburi wanaitwa, wanaelezwa, wanaoneshwa pale palipo papya.

Lakini hasa kilichonimaliza ni ile folda ya zamani. Hawakuifuta. Waliiacha pale pale, na ndani yake faili la mwisho walilokuwa wameliandika kabla ya kuhama. Jina la faili halikuwa na tarehe, lilikuwa jina lile lile kila siku. Mimi nikaendelea na ada yangu: mwisho wa mwezi, waya, nakili, memori kadi, flashi. Miezi kumi na mitano nilikuwa nanakili faili moja la Novemba 2020. Nilipokuja kuyapanga yote kwenye kompyuta ya mdogo wangu, ukubwa ulikuwa sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Desemba, Januari, Februari, Machi. Mwezi aliofariki Mama. Sawa, sawa, sawa.

Kuna kanuni inayorudiwa sana na watu wa kompyuta, inayotokana na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Mimi nilikuwa nimeitimiza bila hata kuisikia. Nakala kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye kadi, na kwenye flashi iliyokaa kilomita karibu mia mbili kutoka kwangu. Kanuni haikunisaidia kitu, kwa sababu ilikuwa inahesabu nakala, na mimi nilihitaji mtu wa kuzifungua.

Wengine wataniuliza: na bakapu ya Google yenyewe, ile ya simu nzima? Ipo tangu Android 6, mwaka 2015, na inafanya kazi kimyakimya. Ila kwa kila programu ina kikomo cha megabaiti 25, na data ikizidi hapo, bakapu ya programu hiyo inasimama. Mimi nilikuwa napiga picha risiti za hospitali na kuziambatisha. Nilishazidi siku nyingi. Sikuambiwa na simu, sikuambiwa na programu. Na huduma ya kuhifadhi mtandaoni ya programu yenyewe? Ilikuwa ya kulipia kila mwezi kwa dola, kwa kadi ya benki. Mimi bando lenyewe nanunua la wiki. Faili lililokaa kwenye simu yangu, ninaloliona na kulishika, ndilo lililonifanya niichague programu ile mwaka 2016.

Nilipowaandikia tena, jibu lilikuwa fupi kuliko la kwanza: data iliyokuwa kwenye kifaa chako hatuwezi kuirejesha. Nikajaribu angalau kurudisha lile faili la Novemba 2020, nipate miaka minne ya mwanzo. Programu mpya ikalikataa: faili limetengenezwa na toleo la zamani, halitambuliki. Faili la kwao wenyewe! Usiku ule nililia, na sikulilia hela.

Mdogo wangu ndiye aliyekumbuka simu yangu ya zamani, ile iliyokufa betri 2020, iliyokuwa kwenye droo na toleo la zamani la programu ndani yake. Nikaipeleka kwa fundi simu karibu na soko kuu. Kijana yule sitamsahau. Kabla hajaiwasha alitoa laini, akaizima na waifai ya dukani kwake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Dada, hii ikishika mtandao tu inajiapdeti, na ukishaapdeti hapa hakuna kurudi nyuma." Akabadilisha betri kwa elfu kumi na tano, akaingiza lile faili, akabonyeza rejesha. Miezi ikaanza kushuka kwenye kioo mmoja mmoja, 2016, 2017, 2018. Alinisogezea kiti kabla sijaomba. Hapo hapo tukatoa zote kwa CSV, yaani maandishi matupu yenye mikato katikati, ambayo Excel inayafungua, na hata programu ya kuandikia barua inayafungua. Likabaki pengo kutoka Novemba 2020 mpaka Februari 2022. Ugonjwa wote wa Mama ulikuwa ndani ya pengo hilo.

Katika kutafuta kama haya yamempata mtu mwingine, nilisoma kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu wa dunia nzima. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao mmoja, kazini usiku, alifuta folda kwenye mashine isiyo yenyewe. Gigabaiti kama 300 za kanzidata, alipoisimamisha kazi zilibaki nne na nusu hivi. Wakakimbilia bakapu. Mahali pa kurundika nakala walikuta hamna kitu. Chombo chao cha kutoa nakala kilikuwa kinatumia toleo la 9.2 wakati kanzidata yenyewe ilishapandishwa hadi 9.6, kwa hiyo kila siku kilishindwa. Barua pepe za kuwaarifu kwamba kimeshindwa nazo zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi mmoja aliitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Nilikisoma mara mbili. Watu waliosomea kazi hiyo, na kwao pia kitu kilikuwa ni kile kile: upande mmoja ulipanda toleo, wa pili haukupanda, na hakuna aliyesema. Ila wao wenyewe walieleza kila hatua hadharani, wakati bado wanahangaika kurejesha. Mimi nilipewa "marekebisho madogo".

Nimeshawasikia watu wakisema programu za fedha huzaliwa na kufa, ndivyo zilivyo. Kweli zinakufa. Mint, iliyotumiwa na mamilioni ya Wamarekani, ilifungwa Machi 2024. Microsoft nao waliacha kuuza Microsoft Money mwaka 2009. Lakini angalia walivyoondoka hao wa mwisho. Mwaka 2010 walitoa toleo la kuagana, bure, lisilohitaji kuwasiliana na kompyuta zao ili lifanye kazi, kusudi mwenye mafaili yake ya miaka mingi aendelee kuyafungua. Kumbe inawezekana. Aliyetengeneza anaweza kuondoka na akamwachia mtu funguo za nyumba yake.

Ninachokitaka mimi si kikubwa hivyo hata. Bakapu iniambie iko wapi, ina tarehe gani, na ina miamala mingapi ndani. Si tiki ya kijani. Tiki ile ilikuwa inasema kweli, nakala ilikuwapo saa nane usiku, na bado ilinipoteza. Apdeti ikitaka kuihamisha, isimame, iniulize, inioneshe mahali papya, na lile faili la zamani iliwekee alama kwamba limekufa. Programu mpya isome faili la zamani, siku zote, hata la miaka kumi. Na Android yenyewe, tangu toleo la 10, ina mstari mmoja ambao mtengenezaji akiuweka, simu itakuuliza wakati wa kufuta: ubakize data ya programu hii? Mstari mmoja. Kama ungekuwapo, ningejibu ndiyo, na makala hii nisingeiandika.

Nililijaza pengo kwa jumbe za simu. Sikuwa nimefuta SMS hata moja za M-Pesa na Tigo Pesa, kwa uvivu tu wa kufuta. Mdogo wangu alichukua likizo akaja Morogoro. Usiku tukakaa sebuleni kwa Mama, yeye anasoma kwenye simu, mimi naandika kwenye kaunta buku jipya, kwa sababu kwa wakati ule sikutaka kusikia habari za programu yoyote.

"Imethibitishwa. Tarehe mbili Juni. Elfu arobaini, umetoa kwa wakala."

"Hiyo ni dawa. Dawa na kipimo cha damu."

"Tarehe tisa Julai. Elfu sita, umetuma." Akataja jina la aliyetumiwa.

"Nani huyo?"

"Dada, simjui."

"Ya nini?"

Tukatazamana. Nikaweka alama ya kuuliza.

Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 jumbe ziliongezeka urefu, maana tozo za serikali kwenye miamala zilianza siku hiyo, na kila ujumbe ukawa na makato yake. Kwa mwenye mgonjwa anayetumiwa na watu watatu na kutoa mara tano kwa wiki, tozo zile zilikuwa hela ya dawa. Nakumbuka nilishaijumlisha kwenye programu, Agosti ile ile, nikaona kiasi na nikakasirika. Sasa kiasi hicho nilikuwa nakitafuta upya, ujumbe kwa ujumbe.

SMS ina kiasi, ina saa, ina namba ya muamala. Haina mtindi. Haina mvua iliyonyesha. Kwa miaka yote nilidhani ninachokitunza ni tarakimu, na kumbe tarakimu ndizo zilizorudi zote. Kilichokuwa kimeandikwa mara moja tu, kwa mkono wangu, pale pale kitandani kwa Mama, ndicho kisichokuwa na nakala popote.

Kikaoni nililiweka kaunta buku mezani nikasema ukweli wote. Mistari 87 ilikuwa na alama ya kuuliza. Niliogopa uso wa Kaka kuliko kitu kingine. Alivaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa bila kusema neno, kisha akaomba kalamu. "Hii ya tarehe mbili Agosti nilikuwepo," akasema. "Ni ile gari ya kumpeleka hospitali, dereva alidai nusu kwanza." Akaandika. Kitindamimba akasogea: hii ni nauli yangu ya kurudi chuo, Mama ndiye aliyesema nipewe. Shemeji akakumbuka shuka. Mpaka tunapakuliwa chakula cha mchana ilikuwa imebaki mistari 31, na hakuna aliyedai hesabu zaidi.

Siku hizi natumia programu ya hesabu iitwayo GnuCash kwenye kompyuta ya mkononi. Ni ya bure, ipo tangu miaka ya tisini, na kila ukihifadhi inaacha nyuma nakala yenye tarehe na saa kwenye jina lake, pembeni ya faili lenyewe, unaiona. Ilivyokuja ilikuwa inazifuta baada ya siku 30. Nilikwenda kwenye mipangilio nikaiambia izitunze milele. Apdeti ikitoka siigusi mpaka nimesoma kilichobadilika, na kabla ya kukubali natoa CSV, nalifungua, nashuka mpaka mstari wa mwisho na kuangalia kama ni wa jana. Mwisho wa mwezi napitia steshenari kuchapisha kurasa za mwezi ule. Mia mbili kwa ukurasa.

Kaunta buku la Mama bado liko juu ya kabati, na kalamu ndani yake. Juzi Jumapili mdogo wangu kapiga simu, wala hakusalimia.

"Dada. Tarehe tisa Julai. Elfu sita."

"Enhe?"

"Fundi redio. Redio ya Mama iliacha kushika, akasema bila redio hatalala. Yule ni fundi redio."

Nikamwambia asikate simu, nikavuta kiti.